Edward Jenner na Ugonjwa wa Ndui

Zamani ndui ilitisha nchi zote. Mtu aliyeshikwa nayo alipata homa kali, kisha mwili wake ulijaa vipele vyenye usaha. Wengi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho.

Edward Jenner alizaliwa mwaka 1749 huko Berkeley, katika Uingereza. Siku zile watu walijikinga na ndui kwa njia ya hatari: walichanja ngozi ya mtu mwenye afya, wakatia humo usaha wa mgonjwa, ili augue kidogo tu. Lakini wengine waliugua sana wakafa, tena waliwaambukiza wenzao. Edward naye alichanjwa hivyo akiwa na miaka minane. Kwanza alinyimwa chakula na kutolewa damu, kisha akafungiwa katika zizi pamoja na wengine. Alipona, lakini hakusahau taabu ile.

Alijifunza uganga, akarudi kwao mwaka 1773. Wakulima wa huko walikuwa na neno lao: mkama maziwa akiambukizwa ndui ya ng'ombe mikononi, hapati ndui ya watu. Waganga wengi walilidharau neno hili la watu wa shamba. Jenner aliwauliza wakulima, akaandika aliyoyasikia, miaka mingi.

Tarehe 14 Mei 1796 alimwita James Phipps, mtoto wa miaka minane, mwana wa kibarua. Alitwaa usaha katika mkono wa Sarah Nelmes, msichana aliyeambukizwa na ng'ombe wake Blossom, akamchanja mtoto mkononi. Siku ya tisa James aliona baridi, akakataa chakula, na kichwa kikamwuma kidogo. Kesho yake alikuwa mzima.

Sasa ilibaki kazi ya kuogofya. Tarehe 1 Julai Jenner alimtia mtoto yule yule usaha wa ndui yenyewe. Kama wakulima walikosea, James angeugua, pengine angekufa. Siku hizi mganga hana ruhusa ya kumjaribu mtoto hivyo. Siku zikapita, zikapita tena, James hakuugua.

Mwaka 1798 Jenner alitoa kitabu. Wengine walimcheka, hata walichora picha za watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini! Lakini chanjo ilienea upesi. Kwa Kilatini ng'ombe jike huitwa vacca, na ndiyo asili ya neno la Kifaransa vaccin. Mwaka 1803 merikebu ya Hispania ilipeleka chanjo Amerika katika mikono ya watoto yatima, ikitolewa kwa mmoja na kutiwa kwa mwingine njiani.

Jenner aliwachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake. Alimpa James nyumba, na alipokufa mwaka 1823, James alikwenda kumzika.

Baadaye mataifa yalishirikiana kuifukuza ndui. Katika Kongo pia wachanjaji walipita kijiji kwa kijiji. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.