Marehemu Shaaban Robert: Mja Aliyeshukuru Katika Dhiki

 

Ndugu zetu wa Makebuko, na nyinyi mlio Gitega, Muyinga na kwingineko, kusema alhamdulillahi siku ya mavuno ni jambo jepesi. Maharagwe yamejaa ghalani, watoto wana afya, na mgeni akija hakosi chakula. Lakini zipo siku nyingine. Mvua hukosa, bei hupanda, maradhi huingia nyumbani, na jeneza hutoka mlangoni kwetu. Siku hizo ulimi huwa mzito, na mtu hujiuliza moyoni ashukuru nini. Tumeona vema katika kijitabu hiki kueleza maisha ya Mwislamu mmoja ambaye swali hilo lilimfikia mara nyingi, naye akalijibu kwa kazi ya mikono yake. Huyo ni marehemu Shaaban Robert, wa Tanga. Hakuwa sultani wala tajiri. Alikuwa karani wa serikali, mwenye watoto wa kulisha na mshahara wa kuhesabu, kama walivyo wengi wetu.

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa watu wa asili ya Kiyao, lakini yeye alikulia katika Uislamu na Uswahili wa pwani, na lugha ya Kiswahili akaihesabu kuwa yake kwa haki kamili. Nchi yake wakati huo ilikuwa chini ya Wadachi, kama ilivyokuwa nchi yetu ya Burundi. Alikuwa bado mtoto ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na nchi yetu chini ya Wabelgiji. Mwaka wa 1922 alikwenda kusoma Dar es Salaam, akamaliza mwaka wa 1926. Elimu ya juu zaidi haikumfungukia kijana Mwafrika kama yeye katika siku zile. Alichukua kiasi alichopewa, na sehemu iliyobaki akaitafuta mwenyewe kwa kusoma vitabu usiku baada ya kazi.

Tangu mwaka wa 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha. Miaka kumi na minane ni mingi kwa mtu aliyejua kwamba kipawa chake kimezidi kazi yake. Alihamishwa huku na huku, akaandika hesabu za bidhaa za watu wengine, na akaonja dharau ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa desturi ya utawala wa wakati ule. Mtu mwingine angalijaza moyo wake uchungu, akaacha kazi au akaifanya kwa hila. Shaaban hakuona aibu kumtumikia mtu, wala hakukubali kwamba utumishi umempunguzia utu. Alipoandika baadaye habari za maisha yake, dhuluma aliiita dhuluma, lakini matusi hakuyaandika.

Katika miaka hiyo msiba mkubwa ulimfika. Mke wake wa kwanza alifariki dunia, akamwachia watoto wadogo. Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye funzo la maisha yake. Wako wanaodhani kwamba mwenye kushukuru ni yule asiyelia. Sivyo. Mtume wetu mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Shaaban alimlilia mkewe, akamtungia shairi liitwalo Amina, nalo limesomwa na vizazi vya wanafunzi Afrika ya Mashariki yote. Katika huzuni yake hakumlaumu Mola wake. Aliikumbuka neema ya ndoa aliyojaliwa, akaiaga kwa heshima na kumwombea marehemu. Basi shukrani yake ilikuwa kukitaja kizuri alichopewa, hata baada ya kuondolewa.

Kisha akawatazama watoto waliobaki. Mtoto asiye na mama hupungukiwa na mafunzo yasiyoweza kununuliwa. Baba huyo hakuwa na mali ya kuwarithisha, lakini alikuwa na kalamu. Aliwatungia tenzi mbili za wasia: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Kabla yake, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Msham alikuwa amemtungia binti yake wasia wa namna hiyo hali yeye ni mgonjwa. Shaaban aliifuata njia hiyo njema ya wazee. Watoto wawili walikusudiwa wasia, na maelfu ya watoto wengine wakaupata. Ndivyo Mwenyezi Mungu anavyoizidisha neema ya mwenye kushukuru, nayo huenda ikawafikia watu asiowajua.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka wa 1939, ikaja na upungufu wa kila kitu. Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo kwa msiba mwingine, yaani njaa kuu ya 1943 na 1944 iliyozipiga nchi za Ruanda-Urundi. Katika miaka hiyo mizito Shaaban alianza kutunga utenzi mrefu wa habari za vita hivyo, ambao ulifika beti elfu tatu hivi. Mwaka wa 1944 aliacha forodha akahamia idara iliyoshughulikia mambo ya wanyama, na mwaka wa 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya jimbo. Tangu 1952 hata 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Mchana alikuwa karani, na usiku alikuwa mwandishi.

Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka wa 1951. Ndani yake mtu aitwaye Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kuitafutia nchi yao manufaa, wakalipwa kifungo. Kisa hicho kimejaa dhuluma, lakini mwisho wake ni haki kushinda na wafungwa kufunguliwa. Wakati kilipoandikwa, Tanganyika ilikuwa bado miaka kumi kuufikia uhuru. Tumaini la Shaaban basi halikuwa la mtu aliyekwisha kuona mambo yakitengenea. Alitumaini gizani, akiamini ahadi ya Mola kwamba pamoja na uzito upo wepesi.

Sifa alizipata. Alipewa tuzo ya uandishi ya Margaret Wrong, na Serikali ya Uingereza ikampa nishani ya M.B.E. Lakini sifa hazikumtajirisha, na miswada yake mingi ilikaa muda mrefu bila ya kupigwa chapa. Kufikirika kilitoka mwaka wa 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka mwaka wa 1968, naye yumo kaburini. Fikirini hali ya mtu anayeandika kitabu, akakiweka sandukuni, kisha akaanza kingine. Mkulima wa Makebuko aelewa jambo hili kuliko watu wengi. Yeye huifukia mbegu ardhini asiione tena, akaenda zake, akingoja mvua isiyokuwa mkononi mwake. Ndivyo alivyofanya Shaaban.

Naye aliwapenda wakulima. Utubora, mtu wa kisa chake, aliacha kazi ya mshahara mjini Unguja akaenda kulima shamba, akaona utajiri wake ni jasho halali, jirani mwema na moyo uliotulia. Ni funzo kwa vijana wetu wanaodhani kwamba heri yote iko mjini, na kwamba jembe ni alama ya kushindwa.

Shaaban alioa mara tatu, akajaliwa watoto kumi. Alipofariki, watano tu ndio waliokuwa hai. Twaiandika hesabu hiyo ili asitokee msomaji akasema kwamba maneno ya matumaini ni mepesi kwa mtu asiyeguswa na shida. Huyu aliwazika watoto watano, na mke kabla yao au baina yao, naye hakuacha kuwafundisha watu mapenzi, utu na subira.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban aliishi akauona, lakini miezi michache tu. Alifariki mwezi wa Juni 1962, umri wake miaka 53, akazikwa Machui, karibu na mahali alipozaliwa. Siku chache baada ya mazishi yake, tarehe 1 Julai 1962, nchi yetu nayo ilipandisha bendera yake ya uhuru.

Sisi hapa Burundi tuna deni lake. Kiswahili kilitujia kwa njia za misafara kutoka Ujiji, na kwa askari na wafanya biashara waliokaa katika miji ya serikali kama Gitega. Kikawa lugha ya vyuo vyetu na ya mawaidha yetu pamoja na Kirundi. Zilikuwapo nyakati ambapo aliyekisema alihesabiwa kuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Shaaban alituonyesha kwamba lugha hiyo yabeba elimu, hekima na uzuri sawa na lugha yoyote ya dunia. Mzee aliyedharauliwa kwa Kiswahili chake alikuwa na haki ya kuinua kichwa.

Basi tufanye nini na maisha haya tuliyoyasoma? Nchi yetu imeonja vita, na katika nyumba zetu hakuna isiyokuwa na jina la kumwombea rehema. Hatuambiwi tufiche machozi. Tuambiwacho ni kutazama kilichobaki baada ya kulia, na kukitumia kwa kheri. Aliyepoteza mali amebakiwa na mikono, aliyepoteza mzazi amebakiwa na wasia wake, na aliyepoteza mtoto huenda akamkuta yatima wa jirani hana wa kumfundisha kusoma. Shukrani ya ulimi ni mwanzo wake, na ukamilifu wake ni kazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban bin Robert, amsamehe makosa yake, alifanye kaburi lake bustani katika bustani za Peponi, na atujalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wenye kushukuru, wakati wa raha na wakati wa dhiki. Amin.