Muyaka bin Haji na Waliomjibu

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy hutajwa na wahakiki kuwa ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila humwonyesha kana kwamba alitunga peke yake. Kwa maoni yangu, Muyaka hakuwa malenga wa upweke. Alihitaji mtu wa kumjibu.

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akaishi chini ya utawala wa Wamazrui. Alitunga juu ya mapenzi, ndoa, ukata na siasa, hasa kwa shairi la mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja.

Mnamo mwaka 1812 hivi, Mombasa na Pate zilishindwa na Lamu katika vita vya Shela, ambavyo wengine huviita vya Kuduhu. Majibizano ya tungo yaliandamana na uhasama huo, na miongoni mwa waliosimama upande wa Lamu alikuwamo Zahidi Mgumi. Humo ndani Muyaka hakusema kwa nafsi yake tu. Alivaa nafsi ya mji mzima, naye Zahidi akavaa ya Lamu. Aliyejibu alilazimika kwanza kumsoma hasimu wake kwa makini: alifumbua fumbo lake, akalichukua neno lake na kuligeuza, bila kuvunja vina wala mizani. Mjibuji mvivu angeliua shairi la mwenzake. Mjibuji hodari alimlazimisha kutunga vizuri zaidi. Msomaji aliyekulia Todonyang, ambako Waturkana na Wadassanech wamegombea malisho na samaki wa ziwa kwa miaka mingi, hatashangaa kusikia kwamba mahasimu huweza kujuana kwa undani kiasi hicho.

Vita hivyo havikuwa vya maneno matupu. Seyyid Said wa Oman aliiandama Mombasa kwa miaka mingi, na Muyaka akaitetea kwa tungo zake hadi Wamazrui walipoangushwa mwaka 1837. Alifariki mwaka 1840, katika mji uliokwisha kuwa wa hasimu wake.

Tungo zake zilikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. William Hichens alizichapisha Johannesburg mwaka 1940, katika diwani yenye jina la Muyaka peke yake.