Mzee Kelvin na baridi ya Nakuru

Julai iliyopita nilikwenda Nakuru kumtazama dada yangu, aliyeolewa huko mtaa wa Bondeni. Sisi wa Mombasa kipupwe chetu ni upepo tu. Huko usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na maji ya kutawadhia alfajiri ni mtihani.

Usiku wa pili niliamka kichwa kinanigonga na miguu haina nguvu. Chumba kile kile walilala wapwa zangu wawili, madirisha yamefungwa, na katikati yetu jiko la makaa. Nilijikokota nikafungua mlango, nikawatoa watoto nje. Alhamdulillahi, tulipona sote. Hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu, na wengi huondoka nayo usingizini.

Tangu siku hiyo namfikiria mzee mmoja aliyeijua njia nyingine zaidi ya miaka 170 iliyopita. Ni William Thomson, ambaye watoto wetu shuleni humjua kwa jina la Kelvin, lile la kipimo cha joto.

Alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1824. Mamaye alifariki yeye akiwa na miaka 6, na babake, mwalimu wa hesabu, akahamia na watoto Glasgow, Scotland. William aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 10. Alipofika 22 alikuwa profesa pale pale Glasgow, na akaishika kazi hiyo kwa miaka 53.

Mwaka 1847 alikutana na James Joule, aliyeshikilia kwamba joto na kazi ni kitu kimoja kinachogeuka. Thomson alisita kwa muda, kisha akakubali. Mwaka 1852 akaandika jinsi mtambo wa kusukuma hewa unavyoweza kupasha nyumba joto kwa nguvu ndogo kuliko kuchoma kuni au makaa ya mawe moja kwa moja. Na mtambo huo huo, ukigeuzwa, hupoza nyumba.

Ndugu msomaji, usidhani ni mazingaombwe. Weka mkono nyuma ya friji yako, utahisi joto. Lile ni joto lililotolewa ndani kwenye chakula, likahamishiwa jikoni. Sasa fikiria friji inayochota joto nje ya nyumba na kulimwaga chumbani. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Hata hewa ya Nakuru ya nyuzi 10 ina joto la kuchotwa. Jiko hutengeneza joto, pampu hulihamisha, na kuhamisha ni rahisi zaidi. Umeme wa kiasi kimoja huleta joto la kiasi kama tatu. Hita ya waya huleta kimoja tu.

Hakuijenga yeye. Miaka michache baadaye, Peter von Rittinger wa Austria alitumia fikra ya namna hiyo kuvukiza maji ya chumvi, kazi ambayo wenzetu wa Gongoni hulifanyia jua.

Kelvin alikuwa pia mtu wa bahari. Alisimamia waya wa simu uliopita chini ya Atlantiki, akapewa heshima ya Sir mwaka 1866. Aliboresha dira za meli, na akabuni mashine ya kukadiria maji kujaa na kupwa. Mwaka 1892 akafanywa Lord, akachukua jina la mto Kelvin unaopita karibu na chuo chake.

Ninachosikitika ni hiki. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, unatoa umeme tangu 1981, na Olkaria iko kaunti ile ile ya Nakuru. Lakini watu wa kaunti hiyo wangali wanalala na makaa. Kweli, mtambo huu ni ghali kununua, na dada yangu hauwezi leo. Lakini wanaojenga hoteli na nyumba za kupangisha huko wanauweza. Baadhi ya viyoyozi vinavyouzwa hapa kwetu Mombasa ni pampu hizo hizo, vina kitufe cha kupoza na cha kupasha. Anayenunua cha kupeleka bara aulize kwanza, maana vingine hupoza tu.

Na asiyeweza, basi jiko litolewe nje kabla ya kulala. Blanketi la pili halijaua mtu.

Kelvin mwenyewe baridi haikumsamehe. Aliwahi kuvunjika mguu akicheza juu ya barafu, akachechemea maisha yake yote. Novemba 1907, nyumbani kwake Largs, alipatwa na baridi akaanza kuumwa. Alifariki tarehe 17 Disemba, akiwa na miaka 83. Hata nyumba yake yeye haikuwa na mtambo ule alioufikiria akiwa kijana.

Wapwa zangu wawili wako hai. Sitaki tungoje miaka mingine 170.