Bwana Mackay, Mwalimu wa Karakana



Mwaka 1889 msafara wa Bwana Stanley ulipita katika nchi yetu ya Karagwe, ukaendelea mpaka Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko ulipokelewa na Alexander Mackay wa CMS. Wengi humjua kama fundi. Sisi tuliozeeka chuoni tukiwafunza walimu twamwita mwalimu, kwani alisomea ualimu kwanza huko Edinburgh, na uhandisi baadaye.

Alizaliwa Rhynie, Uskoti, tarehe 13 Oktoba 1849. Baba yake, mchungaji, alimfundisha nyumbani. Wakitembea pamoja, mzee alisimama njiani akachora kwa fimbo mavumbini, mara umbo la hesabu, mara mkondo wa mto Zambezi aliokuwa akiuchunguza Livingstone. Hakuna ubao wala chaki, lakini mtoto alijifunza.

Alifika Buganda Novemba 1878. Karakana yake ilikuwa Natete, na vijana wa ikulu walikuja kutazama mvukuto na kerezo. Hakuwafukuza. Akiwa na nyundo mkononi alijibu maswali yao, kwanza kwa Kiswahili kilichojulikana pale barazani kwa Kabaka Mutesa, kisha kwa Kiganda alichojifunza kutoka kwao. Waliokuja kutazama chuma wakabaki kusoma. Watu wakamwita Mzungu wa Kazi.

Vitabu havikuwapo. Basi alichonga herufi kwa mkono wake, akachapa karatasi za kusomea ili mwanafunzi apate ya kwake ya kushika na kwenda nayo nyumbani. Mwalimu yeyote aliyepata kugawa kitabu kimoja kwa watoto wengi ajua thamani ya jambo hili! Kijana Sembera alijifunza hata akaandika mwenyewe barua ya kuomba ubatizo, kwa kalamu ya unyasi. Alibatizwa tarehe 18 Machi 1882 pamoja na wenzake wanne, akachagua jina la Mackay.

Hatusemi kwamba Bwana Mackay alikuwa mpole kwa kila mtu. Mbele ya Kabaka alibishana vikali na mapadre Wakatoliki, na kwa hilo hatumsifu. Uvumilivu wake ulikuwa kwa vijana.

Nao vijana hao waliligharimia somo. Baada ya Mwanga kutawala, Januari 1885, Mackay na Bwana Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na wanafunzi wao. Askari wakawazuia, wakawakamata vijana. Walimu walihangaika kuwaombea, wasifaulu. Tarehe 31 Serwanga, Kakumba na Lugalama walichomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto tu.

Mwalimu afanye nini siku inayofuata? Angeweza kufunga mlango, na hakuna ambaye angemlaumu. Mackay aliuacha wazi. Wasomaji walimjia usiku kwa siri, naye akaendelea kuwafundisha na kuwachapia karatasi.

Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro. Hata huko aliendelea kuchapa, kutafsiri na kuwafundisha vijana. Aliaga dunia kwa malaria tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Karibu miaka 14 ilikuwa imepita tangu atoke kwao, na hakurudi hata mara moja. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa kutoka Usambiro, ikazikwa Namirembe.