Masinde Muliro: Kutoka darasa la Tororo hadi Kamukunji

Mfanyabiashara anayetoka Busia na mzigo wake kuelekea Tororo huuona mwamba wa mji huo kabla hajafika. Katika mji huo alisoma kijana yatima kutoka Kimilili, upande wa Kenya, ambaye baadaye alisaidia kumaliza utawala wa chama kimoja nchini mwake. Ni Henry Pius Masinde Muliro.

Alizaliwa mwaka 1922, akalelewa na kaka yake. Baada ya sekondari Tororo, mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, akaingia katika harakati za wanafunzi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Alirudi kufundisha, na mwaka 1957 akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla ya uhuru aliwahi kuwa Waziri wa Biashara.

Mwaka 1975 Bunge lilijadili ripoti ya mauaji ya mbunge J. M. Kariuki. Muliro, akiwa waziri, alipiga kura kinyume na serikali yake. Akafutwa kazi.

Mwaka 1982 sheria iliifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Kisha, mwishoni mwa 1989, umati uliojaa barabara za Leipzig, Prague na Bucharest uliangusha serikali za kikomunisti. Kenya haikuwa ya kikomunisti, lakini habari hizo zilisikika. Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba, wananchi walielekea Kamukunji, Nairobi, licha ya marufuku. Polisi walifyatua risasi na watu wakafa.

Muliro, akikaribia miaka 70, hakurudi nyuma. Agosti 1991, yeye, Oginga Odinga, Martin Shikuku na wenzao watatu waliunda FORD. Novemba 16 waliitisha mkutano Kamukunji; ukapigwa marufuku, polisi wakautawanya. Siku kumi baadaye wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya. Desemba, kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa.

Barabara pekee haikutosha. Ilihitaji pia mkoba wa serikali kubanwa. Lakini bila waliojitokeza barabarani, wafadhili wasingekuwa na sababu ya kuharakisha.

Ushindi huo ulileta mtihani mwingine. FORD ilianza kugawanyika, na Muliro, mtu mpole wa maridhiano, alijaribu kuwaunganisha wakubwa wake. Agosti 14, 1992, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London.

Hakuuona uchaguzi wa Desemba 29. FORD iliuingia ikiwa vipande viwili, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Umati uliweza kuufungua mlango. Kuupita kwa pamoja kulihitaji subira ya watu kama Muliro, na wakati huo alikuwa ameshazikwa.