Fransisko Ksaveri na Wenzake wa Chumbani



Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Fransisko Ksaveri kama mmisionari mwenye msalaba mkononi. Sisi tunaosoma falsafa tunapenda kumkumbuka pia akiwa mwanafunzi: kijana aliye mbali na kwao, anayelala chumba kimoja na watu ambao hakuwachagua.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, huko Navarra. Mwaka 1525 alifika Paris, Ufaransa, akaingia Chuo cha Sainte-Barbe. Masomo yalitolewa kwa Kilatini, hivyo vijana wa mataifa mengi walielewana. Chumbani alikaa na Petro Faber, mtoto wa wakulima wa Savoia aliyewahi kuchunga kondoo. Mmoja ametoka ngomeni, mwingine malishoni, lakini walipatana.

Jiji lilikuwa na mengi ya kuwavuta. Mchana Fransisko alisifika kwa michezo, hasa kuruka. Usiku walikuwepo hata walimu waliowapeleka wanafunzi kwenye nyumba za ukahaba. Naye alifuatana nao, ila hakuanguka, kwa sababu aliona vidonda vya mwalimu mmoja akaogopa. Hofu ilimlinda kabla upendo haujamlinda.

Mwaka 1529 chumba kilipata mtu wa tatu, Inyasi wa Loyola, mwanafunzi wa miaka 38 hivi, aliyechechemea na kuishi kwa kuomba sadaka. Mguu wake ulivunjwa na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, katika vita ambamo kaka zake Fransisko walikuwa upande wa pili. Faber alimsaidia Inyasi kumwelewa Aristotle, naye Inyasi alimsaidia Faber kuituliza dhamiri yake. Fransisko alimkwepa na kumtania.

Alikuwa na mipango yake. Alipata shahada mwaka 1530, akaanza kufundisha falsafa, akatafuta uthibitisho wa ukoo wake bora ili apate cheo cha Kanisa kwao. Inyasi hakushindana naye. Alimtafutia wanafunzi, akamsaidia fedha alipopungukiwa, akamrudisha mara kwa mara kwenye swali la Injili kuhusu faida na hasara ya nafsi. Ilichukua miaka. Mwaka 1533 Fransisko alikubali.

Tarehe 15 Agosti 1534 wanafunzi saba walipanda kilima cha Montmartre, nje ya kuta za jiji. Faber, padre pekee kati yao, aliadhimisha Misa. Waliweka nadhiri ya kuishi fukara na waseja, na kwenda Yerusalemu. Wakishindwa kufika, wangejitoa kwa Baba Mtakatifu. Kisha walikula pamoja kando ya chemchemi.

Vita vilifunga njia ya Yerusalemu. Fransisko, aliyepewa upadre tarehe 24 Juni 1537, aliondoka Lisbon kwa meli tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35. Alikaa miezi kadhaa kisiwani Msumbiji akihudumia wagonjwa, na mwaka 1542 alipita Malindi, pwani yetu ya Afrika Mashariki, kabla ya kufika Goa. Akiwa India aliandika kwamba alitamani kurudi Paris akawapigie kelele wasomi, hata wamdhanie mwendawazimu, kwa kuwa elimu yao ilikuwa nyingi kuliko utayari wao wa kuwatumikia watu.

Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na China. Kifuani alikuwa akivaa majina ya wenzake, aliyoyakata kutoka barua walizomwandikia. Yeye na Inyasi walitangazwa watakatifu siku moja, tarehe 12 Machi 1622.

Nasi tunasoma Aristotle yuleyule, na tunaweza kumsoma kwa ajili ya cheo tu. Pengine anayetumwa kutuamsha yupo tayari kitanda cha pili, na ndiye tunayemkwepa.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee.