Marie Brown, muuguzi aliyeupa mlango macho

KATIKA kijiji cha Nyamisati, wilayani Kibiti, kama ilivyo kote pwani, mgeni hupiga hodi na mwenye nyumba huitambua sauti kabla ya kufungua. Mchana desturi hiyo hutosha. Usiku ni jambo jingine, na wakazi wa Kibiti na Rufiji walilijua hilo kwa uchungu mwaka 2016 na 2017, wakati watu wenye silaha walipowaua viongozi wa vijiji, baadhi yao wakifuatwa majumbani mwao.

Hofu ya aliye nje ya mlango usiku ilimsumbua pia, miaka 50 kabla yake na mbali na delta ya Rufiji, mwanamke mmoja wa New York. Huyo ni Marie Van Brittan Brown, Mmarekani mweusi ambaye wazo lake ni asili ya kamera zinazolinda nyumba hivi leo.

Alizaliwa Oktoba 22, 1922, katika mtaa wa Jamaica, eneo la Queens (mtaa huo usichanganywe na kisiwa cha Karibea). Alikuwa muuguzi, na mumewe, Albert, alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Saa zao za kazi hazikulingana, hivyo mara nyingi Marie alibaki nyumbani peke yake usiku. Uhalifu mtaani ulikuwa ukiongezeka, na polisi walichelewa kufika walipoitwa.

Kamera za ulinzi zilikwisha kuwapo, lakini hazikuwa za nyumba ya mtu wa kawaida. Marie na Albert walibuni mlango wenye matundu kadhaa ya kuchungulia, moja juu ya jingine, ili mrefu, mfupi na mtoto wote waonekane. Nyuma ya matundu hayo kamera ilipanda na kushuka, ikipeleka picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye televisheni chumbani.

Kilichoupa mfumo huo nguvu, hata hivyo, ni sauti. Kwa kipaza sauti, mwenye nyumba aliweza kumhoji mgeni bila kusogelea mlango, na mwenye nia mbaya akatambua papo hapo kuwa ameonekana. Akiwa mgeni mwema, kitasa kilifunguliwa kutoka mbali. Akiwa adui, kulikuwa na kitufe cha kuwaita walinzi au polisi. Kamera za leo zinazowasha taa na kupiga king'ora mbele ya mwizi zinafuata fikra hiyo hiyo: mvamizi afukuzwe kabla hajaingia.

Wawili hao waliomba hataza Agosti 1, 1966 na kuipata Desemba 2, 1969, kwa namba 3,482,037, jina la Marie likitangulia. Gazeti la The New York Times liliandika habari zao siku chache baadaye, na Marie alipewa tuzo na kamati ya kitaifa ya wanasayansi.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, hataza ilidumu miaka 17. Ya akina Brown ilikoma Desemba 1986, kabla kamera za nyumbani hazijawa bidhaa rahisi ya dukani. Wavumbuzi wengine waliendelea kuitaja katika maombi yao. Marie alifariki dunia Februari 2, 1999, huko huko Queens, akiwa na umri wa miaka 76.